Vigeu vya mazingira: Jinsi siri zinavyovuja miradi ya JavaScript inapoundwa

Kigeu cha mazingira ni jina lenye thamani ambalo mfumo wa tarakilishi huikabidhi programu pindi inapoanza kuendeshwa. Dhana hii si ngeni, kwani ilianza kutumika katika toleo la 7 la Unix mwaka wa 1979. Kwa njia hii programu ile ile yaweza kufanya kazi kwenye tarakilishi ya mtengenezaji na kwenye seva inayohudumia wateja bila msimbo wake kuguswa. Kinachobadilika ni thamani tu, kama vile anwani ya hifadhidata au ufunguo wa huduma ya malipo.

Node.js, mfumo uliobuniwa na Ryan Dahl mwaka wa 2009 ili JavaScript iendeshwe nje ya kisakuzi, husoma vigeu hivyo kupitia process.env. Amri za kuunda mradi nazo huandikwa katika faili ya package.json, na npm ndiyo huziendesha. Kigeu mashuhuri zaidi ni NODE_ENV. Kikipewa thamani ya production, maktaba kama React huacha maonyo yanayomfaa mtengenezaji pekee, na programu huwa nyepesi.

Matatizo huanzia kwenye skripti zenyewe. Katika Linux na macOS, inatosha kuandika NODE_ENV=production mbele ya amri. Katika Windows, npm hutumia cmd.exe, ambayo hutaka neno set kwanza. Tena, anayeandika set NODE_ENV=production kisha akaacha nafasi kabla ya alama za && huiingiza nafasi hiyo katika thamani, na ulinganisho wowote na neno production hushindwa. Ni kosa dogo, lakini laweza kumla mtu siku nzima.

Pakiti ya cross-env, ya Kent C. Dodds, iliandikwa ili kuondoa tofauti hiyo, nayo ikapendwa mno. Umaarufu huo ukawavutia wahalifu. Mnamo Julai 2017, pakiti iliyoitwa crossenv, bila kistari, iliwekwa kwenye hazina ya npm pamoja na nyingine takriban 40 zilizoiga majina ya pakiti zinazojulikana. Aliyesahau kistari alipata programu iliyofanya kazi barabara, ila wakati wa kusakinishwa ilikusanya vigeu vyote vya mazingira na kuvituma kwa seva ya mwizi. Usimamizi wa npm uliziondoa Agosti 1, 2017. Mwizi hakuhitaji kupekua faili hata moja, maadamu nywila na funguo aghalabu hukaa katika vigeu hivyo.

Ikumbukwe pia kwamba process.env huhifadhi maandishi pekee. Neno false likiwekwa kama thamani, JavaScript hulihesabu kuwa kweli kwa sababu si maandishi matupu.

Badala ya kurundika thamani katika skripti, watengenezaji wengi huziandika katika faili ya .env, inayosomwa na maktaba ya dotenv. Tangu toleo la 20.6.0 la mwaka wa 2023, Node.js yenyewe huisoma ikiamriwa kwa --env-file. Faili hiyo haifai kupelekwa kwenye hazina ya Git. Jina lake hutiwa katika .gitignore, na wenzake wa mradi huachiwa .env.example yenye majina bila thamani.

Hata hivyo, wanaopotea zaidi ni wale wanaodhani kwamba .env huficha kila kitu. Kisakuzi hakina vigeu vya mazingira. Zana kama Vite huchukua thamani wakati wa kuunda na kuzichapa ndani ya msimbo, na yeyote anayefungua ukurasa aweza kuzisoma. Ndiyo sababu Vite hupitisha tu majina yanayoanza kwa VITE_, na Next.js yale ya NEXT_PUBLIC_. Kukitumia kiambishi hicho ni sawa na kutangaza kwamba thamani ni ya umma. Mkenya anayeunganisha duka lake na M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom, kwa mfano, aweza kuweka jina la duka humo, lakini siri aliyopewa ya kuombea idhini lazima ibaki kwenye seva.

Ufunguo ukishavuja, kuufuta katika faili hakutoshi, kwa kuwa Git huhifadhi historia ya kila badiliko. Sharti ubatilishwe kwanza kwa aliyeutoa, mpya uombwe, kisha mradi uundwe tena.