Kutengeneza: toba na urejesho katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Kutengeneza ni neno ambalo waamini wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo lililoanzia Rwanda, hulitumia kwa tendo la mtu aliyetubu kumwendea aliyemkosea, kulitaja kosa lenyewe bila kulipaka rangi, kuomba radhi, na kurudisha alichochukua ikiwa bado kinarudishika. "Nimetubu, lakini kwa fulani bado sijatengeneza," husema mlokole, yaani mwamini wa Uamsho, ambaye dhamiri haijampa usingizi. Kwake, msamaha wa Mungu tayari anao. Kilichobaki ni safari ya miguu.

Toba, neno lililotoka Kiarabu, Wakristo na Waislamu wa Kiswahili wanalitumia kwa pamoja, nalo huelekea kwa Mungu. Kuungama ni kulitoa kosa mdomoni mbele ya watu. Kutengeneza huelekea kwa jirani. Katika Kanisa Katoliki mambo haya hukutana kwenye Sakramenti ya Kitubio, ambapo padri husikia, hutoa maondoleo na malipizi, na hufungwa na siri ya ungamo. Uamsho ulikwenda njia nyingine: kosa lilisemwa mbele ya ndugu, na mkulima asiyejua kusoma aliweza kuyasikia maungamo ya mchungaji wake.

Msingi wake ni wa Biblia. Sheria katika Mambo ya Walawi ilimtaka aliyedhulumu arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, malipo mara nne. Wahubiri wa Uamsho walishikilia sana mpangilio wa habari hiyo, na hapo walikuwa sahihi: Yesu alijikaribisha nyumbani kwa Zakayo kabla senti moja haijarudi. Kurudisha hakukununua msamaha. Ndiko kulikoonyesha kwamba umepokewa.

Chimbuko

Uamsho ulianzia Gahini, kando ya ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, penye hospitali ya misioni ya Kianglikana. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, akiwa amechoka baada ya njaa kali iliyoikumba nchi, alikwenda Kampala na kukutana na Mganda Simeoni Nsibambi huko Namirembe. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, naye Church akarudi kazini mtu mwingine.

Habari ya Yosiya Kinuka, mkuu wa wauguzi wa Kiafrika hapo Gahini, inaonyesha jambo lenyewe kwa karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 hospitali ilikuwa na manung'uniko mengi. Kinuka alipofika Kampala, Nsibambi alimuuliza kwa nini mambo yanakwenda vibaya, naye akaanza kuhesabu makosa ya wengine. Nsibambi akamwambia atazame dhambi iliyo moyoni mwake mwenyewe. Njiani kurudi, Kinuka alikubali. Kutoka Gahini moto ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na waliouota wakaitwa kwa Kiganda Balokole, yaani waliookoka.

Ushirika

Mahali pa kuungama palikuwa ushirika, mkutano wa kila juma wa watu wachache nyumbani au chini ya mti. Mtu husimama, husalimu "Bwana Yesu asifiwe", na kusema lililomsibu tangu walipoonana: alimjibu mkewe kwa hasira, alipunguza kipimo dukani, alimwonea wivu mwenzake. Akimaliza, wengine hupokea kwa wimbo wa Kiganda Tukutendereza Yesu, na walio karibu huinuka kumkumbatia. Kuishi hivyo huitwa kutembea nuruni, usemi wa Waraka wa Kwanza wa Yohana. Aliyeinamisha shingo na kuungama hasimangwi tena kwa kosa hilo. Kulirudia ni kumwibia rehema aliyokwisha kupewa.

Baada ya ushirika ilifuata safari. Watu walirudisha vifaa walivyochukua kazini, wakalipa kodi waliyoikwepa, wakapeleka ng'ombe kwa mwenyewe. Anayesimama na jembe la wizi mkononi kwenye mlango wa mwenye jembe hana kauli ya kujificha nyuma yake, na nadhani ndiyo sababu tendo hili liliwashawishi majirani kuliko mahubiri mengi.

Wengine hawakuwa na kitu cha kubeba ila chuki. Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi, Uganda, aliyeokoka mwaka 1941, alipanda baiskeli akaenda mwendo mrefu kumwambia mmisionari mzungu kwamba alikuwa amemchukia, na kumwomba radhi. Baadaye akiwa askofu aliikimbia Uganda mwaka 1977, baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mwana wa Uamsho. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha kumsamehe Idi Amin, mtawala aliyelaumiwa kwa mauaji hayo, ambaye hakuwa ameomba radhi yoyote. Kutengeneza kuligeuzwa hapo: aliyekosewa ndiye aliyetangulia.

Lawama na mipaka

Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Uamsho walifukuzwa kwenye chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, katika mgogoro na wakuu wao. Hata hivyo Uamsho haukuliacha kanisa, na Erica Sabiti, mmoja wa Balokole, akawa mwaka 1966 askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa jimbo la Kianglikana lililozijumuisha Uganda, Rwanda na Burundi. Lawama moja ilikuwa ya haki: uzinzi uliotajwa hadharani mara nyingine ulimwondolea muungamaji mzigo na kumtwika mwenzi wake, asiyeulizwa kama yuko tayari kuusikia mbele ya kijiji.

Swali zito zaidi lilikuja mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalipotokea katika nchi ileile ya Gahini, na watu wakauawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Uamsho ulikuwa umewazoeza watu kutaja wizi, ulevi na hasira. Chuki ya kikabila, iliyokuwa imejengwa hadi kwenye vitambulisho, haikutajwa kwa ujasiri huohuo.

Mahakama za gacaca, yaani za kijamii zilizosikiliza kesi za mauaji hayo na kufungwa mwaka 2012, zilimpunguzia adhabu aliyekiri na kuomba msamaha. Aliyeua hana cha kurudisha. Lakini huko Mbyo, wilaya ya Bugesera, katika kijiji cha upatanisho kilichoanzishwa na shirika la Kikristo la huduma ya magereza, watu waliotoka gerezani walishiriki kufyatua matofali na kujenga nyumba. Katika baadhi ya nyumba hizo wanaishi manusura, na majirani zao ni wauaji waliokiri.