Safu ya Lugha: Faragha si Siri

Polisi wakitaka nenosiri la simu na mwenyewe akikataa, watu husema, "Asiye na siri haogopi kupekuliwa." Kauli hiyo inachanganya maneno mawili. Yote yametoka Kiarabu, lakini siri ni jambo lililofichwa lisijulikane, ilhali faragha, ambayo asili yake ni nafasi iliyo tupu, ni hali ya mtu kukaa na mambo yake bila kuingiliwa. Majibu ya hospitali yaliyomo kwenye simu si siri, maana daktari anayajua na mke anayajua. Hata hivyo ni ya faragha, kwa kuwa mwenyewe ndiye anayechagua wa kumwonyesha. Nenosiri ni siri. Kinacholindwa nalo ni faragha.

Vilevile, kupekua si kukagua. Kukagua ni kutazama kwa utaratibu. Kupekua ni kuchakura kama kuku. Wapo watakaosema kwamba mhalifu naye atajificha nyuma ya faragha. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda mawasiliano binafsi na papo hapo inataka sheria ieleze namna na kiasi cha kuyaingilia. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2014 kwamba kwa kawaida polisi wanahitaji hati ya mahakama kabla ya kupekua simu ya aliyekamatwa. Basi anayedai hati kwanza tusiseme ana siri. Tuseme anadai faragha yake, nayo ni haki.