Kabla ya Insta Kulikuwa na Mke wa Balozi: Nani Hasa Alizipaisha Chapa Kubwa za Mavazi?

Wadau, kila baada ya wiki mbili tatu hapa mjini lazima azuke staa ametupia picha na pochi yenye bei ya kiwanja Kigamboni, halafu watu wanagawanyika. Hawa wanasema ni orijino, wale wanasema feki ya China. Simtaji mtu, mnawajua. Mimi kinachonisumbua ni swali lingine kabisa: yule dada analipwa na wenye pochi, au yeye ndiye kawalipa na bado anawatangazia bure?

Maana ukifuatilia historia ya hizi chapa za kifahari, utakuta mambo ya ushawishi hayakuanza na simu. Yana zaidi ya miaka 150. Na mara nyingi aliyefanya kazi ya kuipaisha chapa ni mteja, tena mteja aliyetoa hela yake mfukoni.

Tuanzie Paris. Mwaka 1858 Mwingereza mmoja, Charles Frederick Worth, alifungua duka la nguo mtaa wa Rue de la Paix pamoja na mwenzake Otto Bobergh. Zama hizo fundi cherehani alikuwa mtu wa kuelekezwa tu: mama mwenye hela anasema anataka nini, fundi anashona. Worth akataka kinyume, abuni yeye, mteja achague. Sasa nani anamjua? Ikabidi mkewe, Marie, abebe kitabu cha michoro ampelekee Pauline von Metternich, mwanamke wa ukoo mkubwa na mke wa balozi wa Austria pale Paris. Balozi wa kweli huyo, wa serikali, siyo hawa wetu wa ubalozi wa sabuni. Mama akaipenda michoro, akaagiza magauni mawili kwa sharti kwamba kila moja lisizidi faranga 300. Moja akalivaa kwenye dansi ya ikulu ya Tuileries. Eugénie, mke wa mfalme Napoleon III, akaliona, akauliza nani kashona. Kesho yake asubuhi Worth akaitwa ikulu, na kuanzia hapo akawa fundi wa malkia.

Patamu ni hapa. Kwenye kumbukumbu alizoandika baadaye, Metternich anasema siku ile Worth alitoka kimaisha, ila yeye mwenyewe ndo aliumia, kwa sababu gauni la faranga 300 hakuliona tena. Yaani aliyemtoa fundi gizani akawa wa kwanza kupandishiwa bei! Na bado aliendelea kununua kwake.

Turuke zaidi ya miaka 100, tuje kwa majirani zetu wa Kongo. Enzi za Mobutu suti na tai zilipigwa marufuku kwa madai kuwa ni mambo ya kikoloni, wanaume wakavaa abacost, ile koti isiyotaka tai. Katika hali hiyo Papa Wemba, aliyeanzisha bendi ya Viva La Musica mwaka 1977, akawa anapanda jukwaani na nguo za wabunifu wa Ulaya na Japani, vijana wakamfuata nyuma. Ndiyo Sape hiyo, ingawa upande wa Brazzaville mambo ya kuvaa yalikuwepo tangu enzi za Wafaransa. Kijana hana kazi ya kueleweka, lakini kiatu chake ni J.M. Weston kutoka Ufaransa. Watu wengi huwa wanawacheka. Mimi siwacheki sana. Kuvaa suti kwenye nchi iliyokataza suti kunataka moyo.

Na hapa nichomekee kitu: neno letu "pedeshee" tumelitoa huko huko kwenye muziki wa Kongo, kutoka herufi za Kifaransa PDG, yaani mkurugenzi mkuu. Pedeshee akitaka jina lake litajwe kwenye wimbo, anatoa mkwanja. Wakati huo huo msapeur ananunua nguo kwa bei kamili, halafu anasimama katikati ya barabara anafungua koti ili kila mtu asome jina la mbunifu lililoshonwa ndani. Piga hesabu mwenyewe nani kapata dili.

Ila stori inayoniuma kuliko zote ni ya Harlem, New York.

Kuna mzee anaitwa Daniel Day, mjini wanamjua kama Dapper Dan. Mwaka 1974 alikuja Afrika kwa ajili ya lile pambano la Ali na Foreman kule Kinshasa. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa mbele, na katika kuzunguka kwake Dan akakutana na fundi cherehani Liberia aliyemshonea nguo za kumkaa vile anavyotaka. Wazo la kuwa na nguo zake mwenyewe likamkaa kichwani. Mwaka 1982 akafungua duka lake mtaa wa 125. Lilikuwa wazi saa 24.

Wateja wake walikuwa watu wa mjini wenye hela: wacheza kamari, wauza unga, mabondia, halafu wasanii wa rap. Hawa walizipenda Gucci, Fendi na Louis Vuitton kufa na kupona, lakini ukiwa mtu mweusi wa Harlem, kwenye maduka ya kifahari ulitazamwa kama mwizi hata mfuko ukiwa umejaa. Basi Dan akajifunza kuchapa zile alama kwenye ngozi, akawashonea makoti, suti, hadi viti vya magari. Kumbuka Louis Vuitton wenyewe walikuwa hawajaanza kutengeneza nguo. Wao walikuwa watu wa masanduku na mabegi, nguo walianza mwaka 1998. Kwa hiyo lile koti la Louis Vuitton alilovaa mtu wa Harlem mwaka 1986 halikuwa nakala ya koti lolote. Lilikuwa halijawahi kuwepo. Tazama jalada la albamu ya Eric B. na Rakim ya mwaka 1987, Paid in Full: yale makoti yenye alama za Gucci ni kazi ya Dan. Mamilioni ya vijana waliijua Gucci kupitia picha kama ile.

Agosti 1988, usiku wa manane, Mike Tyson alikwenda dukani kwa Dan, akazichapa nje na bondia mwenzake Mitch Green. Tyson akavunjika mkono. Magazeti yakajaa habari, na duka likajulikana na watu ambao Dan hakutaka walijue. Wanasheria wa chapa wakaanza kubisha hodi, bidhaa zikawa zinakamatwa. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo kwa niaba ya Fendi alikuwa wakili Sonia Sotomayor, ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1992 duka likafungwa.

Kisheria walikuwa na haki, hilo sibishi. Alama ni mali ya mtu. Zile herufi za LV na maua yake zilibuniwa mwaka 1896 ili kuwakomesha wanaoiga masanduku yao. Lakini sheria haisemi chochote kuhusu hamu ya watu. Ile hamu ya kijana wa mtaani kuvaa alama kubwa kifua kizima iliota Harlem, na aliyeimwagilia maji kaishia kufungiwa duka.

Haya, ikafika 2017. Gucci wakaonyesha Florence koti la manyoya lenye mikono mikubwa kama maputo, limefunikwa alama za Gucci. Diane Dixon, mkimbiaji aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984, akaliona na kustuka. Koti kama lile alishonewa na Dan mwaka 1989, tofauti lake lilikuwa na alama za Louis Vuitton. Akaweka picha yake Instagram akitaka Dan apewe heshima yake. Mtandao ukawaka. Gucci wakasema walikuwa wanamuenzi, na mwaka huo huo wakaingia naye makubaliano. Januari 2018 Dan akafungua tena karakana Harlem, safari hii vitambaa vinatoka Gucci wenyewe. Miaka 25 imepita. Na aliyelianzisha ni mteja wake na simu yake, siyo kampuni.

Kwa wale wa pochi, namalizia na Hermès. Mwaka 1984 mwigizaji na mwimbaji Jane Birkin alikaa kwenye ndege jirani na bosi wa kampuni hiyo, Jean-Louis Dumas, akamlalamikia kwamba hapati mkoba wa kumtosha mama mwenye mtoto mdogo. Ukatengenezwa mkoba, ukapewa jina lake. Leo ukiingia dukani na hela zako taslimu unaweza usiuziwe. Mwaka 2024 wateja wa California walifungua kesi wakidai kwamba walibanwa wanunue kwanza skafu, viatu na vikorokoro vingine ndipo waonekane wanastahili kuuziwa Birkin. Jaji akaitupa mwaka 2025: kampuni kuamua kuwawekea mikoba wateja wanaotumia hela nyingi, peke yake si kuvunja sheria ya ushindani.

Mwaka huo huo, mwezi Julai, ule mkoba wa kwanza kabisa wa Jane uliuzwa kwenye mnada Paris kwa karibu euro milioni 8.6. Umechakaa, una alama za stika alizokuwa anabandika, na kikatio cha kucha kinaning'inia kwenye mkanda. Jane mwenyewe alifariki 2023. Mkoba alikuwa ameshautoa tangu 1994, uuzwe kuchangia mapambano ya UKIMWI.