Karanga Zilipokatika Malawi

Leo turudi mwaka 1990, kwenye kambi za Malawi. Wamsumbiji waliokimbia vita waliishi huko kwa mgao: mahindi kila siku, na karanga kidogo. Kisha karanga zikakatika.

Kuanzia Februari hadi Oktoba walihesabiwa wagonjwa karibu 18,000. Ngozi ya shingo na mikono, pale jua linapopiga, iligeuka nyeusi ikachubuka. Wengine waliharisha, wengine akili zikavurugika. Wanawake waliugua kuliko wanaume. Ugonjwa huo ni pelagra, na chanzo chake ni kukosa vitamini B3. Si uchawi, wala hauambukizi. Hata Marekani madaktari wengi walidhani unaambukiza. Mwaka 1915 Daktari Joseph Goldberger aliwalisha wafungwa 11 wa Mississippi, kwa ridhaa yao na kwa ahadi ya msamaha, chakula cha mahindi bila nyama wala maziwa. Sita waliugua.

Mahindi yana B3, ila imejifunga ndani ya punje. Tumbo haliipati vizuri. Karanga inayo tele. Ninyi mliopitia Mulanda, Tororo, mwaka 2008 kabla ya kuletwa Kiryandongo, mnazijua karanga za upande wa Nabuyoga. Nani aliziita dawa?

Kule Malawi, wenye bustani na waliopata karanga waliponea zaidi. Waliougua walihitaji vidonge vya vitamini B. Ukiona ngozi ya namna hiyo, mama, usipake mafuta ukangoja. Nenda kituo cha afya, uwaambie pia unakula nini.