Majina ya Kiko na Utunzaji Wake

Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, alizitaja sehemu za kiko cha maji. Bori hutiwa tumbako. Digali huteremsha moshi majini. Kiko chenyewe, kwa maana yake halisi, ndicho chombo cha maji. Na shilamu hufikisha moshi kinywani. Sauti ya maji huitwa malio.

Majina haya si pambo la lugha. Kila moja lataja mahali penye utunzaji wake. Bori la udongo hukung'utwa majivu, wala halioshwi lingali na moto, lisije likapasuka. Digali huzibwa na masizi ya kunata, likazibuliwa kwa kijiti. Maji yakichafuka, humwagwa. Hata anayeanza, akiyakosa malio, hutambua kuwa njia ya moshi imeziba.

Kiko cha mti kutoka Ulaya hakina maji wala malio. Ndani ya bungu lake huachwa utando mwembamba wa makaa ili mti usiungue. Jina la kiko limekienea nacho, lakini digali na malio havikupata kazi humo. Neno hudhoofu pale mkono unapoacha kulihitaji.