Pijo ya Baba na Madaftari Manne

Leo naweka kando mambo ya Python na seva, nataka tuongee habari za gari. Msikimbie, kompyuta itaingia mbele kidogo.

Nyumbani kwetu Molo kuna Peugeot 504 stesheni wagoni iliyoungwa mwaka wa 1984. Hakuna mtu anayeiita Peugeot, ni Pijo tu. Baba aliinunua kwa mkono wa pili mwaka wa 1991, akaifanya matatu kati ya Nakuru na Eldoret mpaka 2004, halafu ikawa gari la nyumbani. Mwezi wa Machi ilichemka kwenye mlima wa Sachangwan, mama akiwa kiti cha nyuma, ametoka kusafishwa figo Nakuru. Huenda mara mbili kwa wiki. Walikaa kando ya barabara karibu saa tatu, malori yakipita, mpaka jirani akawaokota. Fundi akafungua injini akasema silinda hedi imepinda na slivu mbili zimekwisha. Bei yake: shilingi 165,000.

Ndugu zangu walikuwa tayari wameamua: uzeni kwa vyuma chakavu, tuchukue mkopo, tununue gari jipya. (Jipya kwetu Kenya maana yake ni lililotumika Japan. Sheria inataka gari linaloingizwa lisizidi miaka minane, kwa hivyo "jipya" ni jambo la kuelewana.) Mimi nilipinga. Baba hakusema neno. Alienda chumbani akarudi na madaftari manne, yale ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani mlikuwa na kila lita ya oili na kila nati tangu 1991.

Kabla sijaeleza nilichokipata humo, wacha niseme hii Pijo ilitoka wapi, kwa sababu vijana wa siku hizi wanadhani Kenya ilianza na Toyota.

504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Lakini hapa jina la Peugeot lilikuwa limeshajengwa na kaka yake, 404, ambayo ilishinda mashindano ya Safari mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 na tena 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba peke yake. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania. Halafu 504 yenyewe ikashinda mwaka wa 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden, na 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Hebu fikiria unauza magari katika nchi ambako kila Pasaka watu wanajipanga barabarani kuona gari lako likitoka kwenye matope huku mengine yamezama. Utahitaji tangazo gani tena?

Stesheni wagoni haikuwa saluni iliyoongezwa buti tu. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni sentimita 290, wakati saluni ni 274. Nyuma iliwekwa ekseli nzima badala ya ile ya saluni ambayo kila gurudumu linajitegemea, na kila upande ukapewa springi mbili. Ile ya familia ilikuwa na safu tatu za viti, zote zikitazama mbele. Mfaransa aliwaza baba, mama na watoto watano wakienda likizo. Sisi tuliona matatu.

Mwaka wa 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila kuhitaji leseni zile walizotozwa wenye mabasi. Miaka hiyo hiyo serikali ilitaka magari yaungwe nchini, ndipo kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kikajengwa Mombasa, na 504 zikawa zinafika vipande vipande na kuunganishwa hapo. Nigeria nao walianza kuziunga kule Kaduna mwaka wa 1975. Kwa hivyo kulikuwa na gari la kubeba watu, ruhusa ya kubeba watu, na spea. Pijo zikatawala barabara ndefu. Ukiwa na haraka ya kufika Nairobi hukupanda basi, ulipanda Pijo, ukabanwa safu ya mwisho magoti yakiwa karibu na kidevu.

Sasa turudi kwenye madaftari. Niliyaandika yote kwenye kompyuta, jioni kumi na moja, halafu nikaandika programu fupi ya kuyapanga. Nilitafuta ushahidi wa kuwanyamazisha ndugu zangu. Nilitaka kuonyesha kwamba gari la zamani ni imara kuliko haya ya plastiki.

Ushahidi haukutokea. Tangu 1991 gari limelala njiani mara 41. Mara 23 kati ya hizo chanzo ni joto: radieta, mpira wa maji, gasketi ya hedi. Na hapa kuna jambo linalofurahisha. Feni ya Pijo ilikuwa na klachi ya sumaku ya umeme, injini ikiwa baridi feni inaachiliwa, ikipata joto inashikwa. Ni ubunifu wa ajabu kwa wakati wake, unaokoa petroli. Lakini vile vikaboni vinavyopeleka umeme huisha, na vikiisha feni haishiki. Mwaka wa 1997 baba ameandika kwa wino mwekundu: "Feni imefungwa na boliti. Izunguke tu." Baada ya hapo kuchemka kunapungua kwa miaka sita. Mimi ningeita hiyo pachi. Mbaya kwa macho, lakini inafanya kazi.

Kitu cha pili nilichokiona ni kwamba gari hili halikuwahi kuwa zima kwa muda mrefu. Lilikuwa likitengenezwa daima. Slivu za injini ya 504 hukaa zimezungukwa na maji, zikilika unazing'oa na kutia nyingine, bloku inabaki ile ile. Baba amefanya hivyo mara tatu. Gea boksi ni ya pili, difu ni ya tatu. Tunaposema "Pijo haifi" tunasahau pia zile zilizokufa. Unayoiona barabarani leo ni iliyobaki, na imebaki kwa sababu zenzake zilichinjwa zikawa spea zake. Katika daftari la pili kuna neno "kwa ile ya Kuresoi" mara nyingi sana. Nilipomuuliza baba akasema ilikuwa Pijo ya rafiki yake iliyopinduka 1995. Waliikula miaka tisa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipoanza kuyumba. Kuna makala maarufu ya Joel Spolsky ya mwaka wa 2000 inayosema kosa kubwa zaidi la kampuni ya programu ni kuitupa kodi ya zamani na kuandika upya. Mfano wake ni Netscape: waliamua kuandika upya, wakaruka toleo la 5 kabisa, Netscape 6 ikatoka Novemba 2000 wakati Internet Explorer imeshachukua soko. Nimewanukulia mabosi makala hiyo mara nyingi, na niliwanukulia ndugu zangu pia. Ila kuna nusu ya pili ambayo huwa nairuka. Kodi hiyo iliyoandikwa upya ndiyo iliyozaa Firefox mwaka wa 2004.

Nikaenda Kirinyaga Road kutafuta gasketi na slivu. Zamani mtaa ule ungekuuzia Pijo nzima kwa vipande. Duka la kwanza kijana alicheka. La pili walisema nirudi wiki ijayo. La tano mzee mmoja alitoa gasketi kwenye boksi lenye vumbi, akaniambia anazo mbili, zikiisha basi. Nilipogeuka, rafu nzima nyuma yangu ilikuwa ya Probox.

Nilisimama pale nikaelewa kitu ambacho madaftari hayakunionyesha. Uimara wa Pijo haukuwa ndani ya Pijo peke yake. Sehemu kubwa ilikuwa nje: kiwanda Mombasa, maduka, mafundi wa jua kali waliojua kila boliti gizani, na ile ya Kuresoi. Mapema miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa na magari ya Japan yakamiminika bandarini, mtandao ule ulianza kuhama. Nissan za abiria 14 zikachukua abiria. Kanuni za waziri John Michuki, zilizotangazwa 2003 na kuanza kufanya kazi Februari 2004, zikadai mikanda ya usalama kwa kila kiti na kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Baba alipiga hesabu, akaacha biashara. (Ninakubali pia kwamba zilikuwa kanuni nzuri. Safu ile ya mwisho ya Pijo sikumbuki kuwahi kuona mkanda.)

Hata Andersson alihama mapema. Yule yule aliyeipa 504 ushindi wa 1975 ndiye aliyeongoza timu ya Toyota barani Ulaya, na timu hiyo ikashinda Safari 1984, 1985 na 1986.

Probox ilitoka 2002, gari la kubebea mizigo la maofisi ya Japan, halina urembo wowote. Ina kompyuta ya injini, ndiyo, na baba anaichukia kompyuta hiyo. Lakini kifaa cha kusoma makosa yake ninacho mimi kwenye begi, na rafu ile niliiona kwa macho. Kama Pijo ilistahili kutengenezwa mwaka wa 1995 kwa sababu spea na mafundi walikuwa kila kona, basi kwa sababu hiyo hiyo leo ninapaswa kununua Probox. Nilijaribu kuikwepa hesabu hiyo kwa wiki mbili. Mama alikuwa anapanda matatu wakati huo, anarudi jioni hawezi hata kusimama kupika.

Nilichukua mkopo Mei. Probox nyeupe, ya 2014, ilikuwa na mwenyewe Thika. Nilipoifikisha nyumbani baba aliizunguka mara mbili, akafungua boneti, akavuta kijiti cha oili, akakipangusa kwa shati lake. Halafu akaniuliza imetembea kilomita ngapi, akaandika kwenye daftari la nne, chini kabisa ya Sachangwan, bila kuacha hata mstari.

Pijo ipo nyuma ya nyumba, imewekwa juu ya mawe. Jumapili iliyopita alikuja mtu kutoka Njoro mwenye nyingine kama hiyo, anauliza gea boksi. Baba alimwambia arudi mwisho wa mwezi.