Fundi wa Kunasa Sauti: Hugh Tracey (1903–1977)

Hugh Tracey alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903. Hajafikisha miaka 20 alikwenda Rhodesia ya Kusini kulima tumbaku pamoja na kaka yake, na huko shambani akajifunza lugha ya Wakaranga na nyimbo zao. Mwaka 1929 aliwapeleka vijana 14 Johannesburg, ambako kampuni ya Columbia ilinasa sauti zao. Tangu hapo hakuiacha kazi hiyo.

Yafaa kueleza jinsi alivyoifanya. Jenereta iliwekwa mbali ili ngurumo yake isiingie katika wimbo. Mikrofoni hakuisimika mahali pamoja, bali aliishika mkononi, akiisogeza kutoka kwa mwimbaji hadi kwa mpiga ngoma kadiri muziki ulivyodai. Hata hivyo upande mmoja wa santuri ulibeba dakika zipatazo 3 tu. Ngoma ya kukesha ilikatwa ikawa kipande. Hasara hiyo haifai kufichwa.

Mwaka 1950 alifika Kapkatet, Kenya, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya “Chemirocha”, jina walilolitohoa kutoka kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia katika santuri. Mwaka 1952, huko Jadotville (Likasi ya leo) nchini Kongo, alimnasa Mwenda Jean Bosco na gitaa lake. Hivyo yeye aliyehofia kupotea kwa muziki wa kale ndiye aliyeeneza muziki mpya wa mjini!

Wapenzi wa kwaya watapendezwa na hoja yake moja. Alilalamika kwamba tenzi zilizotafsiriwa na kufungwa katika sauti za Ulaya zilipotosha toni za maneno, na katika lugha nyingi za Kibantu toni ikipotea, maana nayo hupotea. Lawama hiyo iliwagusa wamisionari wa madhehebu mengi, nasi hatuwezi kusema haikutuhusu.

Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, huko Roodepoort, Afrika Kusini. Santuri zake zaidi ya 200 zilifika vyuoni ng’ambo, ilhali vijiji vilivyoimba havikuwa nazo. Baada ya kifo chake maktaba ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes. Zaidi ya miaka 60 baada ya safari ile ya Kapkatet, ILAM ilirudisha nakala kwa Wakipsigis, na miongoni mwa waliozipokea walikuwamo wazee waliokuwa wamerekodiwa na Tracey mwenyewe.